Kasi ya Arua na Kasi ya Koboko: Machache juu ya Historia ya Mwendo wa Duara

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Arua au Koboko hapati tabu kubwa ya kuwazoesha wanafunzi wake sauti za lugha hii, maana wengi wao wameisikia tangu utotoni. Tabu yake ni nyingine. Kiswahili kilifika West Nile pamoja na askari wa King's African Rifles, kikaongezwa nguvu na wafanyabiashara wavukao mpaka wa Kongo, na mwaka 1973 kikatangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya serikali ya kijeshi ya Idi Amin. Basi kijana wa huku amekijua kuwa ni lugha ya kuamrishia na ya kupatania bei. Ukimwambia kwamba kwa lugha hiyohiyo mtu aweza kueleza jinsi sayari zinavyokwenda, atakusikiliza kwa heshima, lakini hatakuamini.

Jambo hili tulilitambua kwa aibu yetu wenyewe. Katika darasa moja la kidato cha tatu tulikuwa tukifundisha kitenzi zunguka na ukoo wake: zungusha, zungukia, mzunguko, kizunguzungu. Mwanafunzi mmoja apendaye fizikia akainua mkono, akasema, "Mwalimu, jana tulisoma habari za jiwe linalozungushwa kwa kamba. Tunaomba utuandikie kwa Kiswahili." Akatusomea sentensi iliyokuwamo daftarini mwake. Nasi, kwa ushujaa wa watu wa lugha, tukaandika ubaoni: Kasi ya jiwe haibadiliki, bali kasi yake hubadilika kila nukta. Darasa likaangua kicheko. Yule kijana hakucheka. Alisema kwa upole, "Basi, Mwalimu, Kiswahili hakiwezi." Tulifuta ubao, na kengele ikatuokoa.

Kiingereza kilikuwa na maneno mawili pale sisi tulipotumia moja mara mbili. Stashahada yetu ya ualimu ilitufunza namna ya kufundisha, haikutufunza fizikia. Kwa hiyo tulikwenda kuuliza na kusoma. Tulichokikuta kilitufariji, maana hata mataifa yaliyotangulia katika elimu hii yalikawia muda wa karibu miaka elfu mbili kabla ya kuona tofauti ambayo sisi tuliikosa katika dakika moja. Historia hiyo ndiyo tunayotaka kuwasimulia wenzetu.

Tofauti yenyewe ni nyepesi kuitaja. Basi moja latoka Arua kwenda Koboko kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Jingine latoka Koboko kuja Arua kwa mwendo uo huo. Ukitazama kipimo kilicho mbele ya dereva, mabasi hayo ni sawasawa. Lakini mwenye mgonjwa Arua hawezi kupanda lolote kati ya hayo mawili akasema ni mamoja. Kipimo cha dereva ni kasi tupu, yaani umbali uliopitwa katika muda fulani. Anachokihitaji msafiri ni kasi pamoja na upande inakoelekea. Katika barabara iliyonyooka mambo haya mawili huenda bega kwa bega, na ndiyo maana lugha nyingi za watu hazikuona haja ya kuyatenga. Katika duara hutengana. Kitu kizungukacho bila kuongeza wala kupunguza mwendo kina kasi ileile daima, na hapohapo upande kinakoelekea haukai hata kwa kupepesa jicho.

Wagiriki wa kale walipenda duara kupita kiasi. Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alifundisha kwamba vitu vya mbinguni huzunguka kwa asili yao, na kwa hiyo mwendo wao hauna badiliko lolote la kutafutiwa sababu. Baadaye makao ya elimu hii yakahamia Alexandria, mji ulio karibu na mahali ambapo maji yapitayo Pakwach huishia baharini. Huko ndiko Eratosthenes, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alikokadiria ukubwa wa dunia kwa kulinganisha kivuli cha jua la adhuhuri katika Alexandria na katika Aswan, mji mwingine wa mto uo huo. Na huko, katika karne ya pili baada ya Kristo, Ptolemy aliandika kitabu kikubwa cha nyota kilichojaa duara juu ya duara. Ni Ptolemy yuyo huyo aliyeandika juu ya chimbuko la Nile katika Milima ya Mwezi. Alituwaza kwa mbali, naye hakutufikia.

Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu, na kwa njia hiyo elimu hii ikapata jina ambalo Waswahili walilipokea: falaki. Katika Kiarabu falak ni njia ya duara ya kitu cha mbinguni, na neno lililo jirani yake, falka, ni kile kigurudumu kidogo kizungukacho kwenye kijiti cha kusokotea uzi. Vigurudumu vya namna hiyo, vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu na kutobolewa katikati, vimechimbuliwa kwa wingi katika magofu ya Kilwa. Twalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba habari za mwendo wa duara ni ngeni katika pwani yetu. Wanazuoni wa falaki walikuwa na juhudi kubwa. Nasir al-Din al-Tusi, aliyeishi tangu 1201 hadi 1274, alimshutumu Ptolemy kwa kuwa katika baadhi ya duara zake mwendo haukuwa sawasawa kama alivyodai. Hata hivyo wote hao, Wagiriki na wanazuoni wa falaki, waliendelea kushika kwamba mwendo wa duara ni mwendo mtulivu usio na badiliko ndani yake.

Aliyevunja dhana hiyo kwa mfano mwepesi ni Mfaransa René Descartes, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1644. Mfano wake ni kombeo. Hapa tunaomba wasomaji wetu wasimame kidogo, kwa maana kombeo si kitu cha kueleza kwa picha katika West Nile. Mtoto alindaye shamba la mtama hutia jiwe katika teo lake, hulizungusha juu ya kichwa mara mbili tatu, kisha huachia ncha moja ya kamba. Je, jiwe huendelea kuzunguka hewani likitafuta duara lake? La hasha. Je, huruka moja kwa moja kutoka mkononi, kama mshale utokao katika upinde? Hapana pia. Hushika njia iliyonyooka kuelekea upande ule lilikokuwa likielekea katika nukta ile ya kuachiwa, yaani katika mstari unaoligusa duara mahali pamoja tu. Mtoto ajua hivyo bila kusoma, kwa maana huachia jiwe kabla halijawaelekea ndege. Akichelewa kidogo tu, jiwe laangukia shamba la jirani.

Mtu asiye na kombeo na atazame baiskeli. Wale walioendesha baiskeli kati ya Arua na Koboko wakati wa masika, kabla barabara haijatiwa lami, wakumbuka tope jekundu lilivyoruka kutoka katika tairi la nyuma. Asiye na madigadi alifika akiwa na mstari mwekundu mgongoni. Tope lile halikuzunguka na tairi. Lilipoachana nalo lilifuata upande wake lenyewe.

Maana ya mfano huu ni kubwa kuliko ionekanavyo. Ikiwa jiwe, likiachiwa, hushika njia iliyonyooka, basi muda wote lilipokuwa likizunguka lilikuwa likivutwa kutoka katika njia hiyo. Mkono wa mtoto wajua, kwa maana waumia. Mwendo wa duara basi si utulivu. Ni badiliko lisilokoma, na badiliko hilo laelekea kwenye kitovu cha duara, alikosimama mtoto. Kipimo chake kilipatikana na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1659, naye akakitangaza mwaka 1673: zidisha kasi kwa kasi hiyohiyo, kisha gawanya kwa nusukipenyo cha duara. Wanafizikia wa Kiswahili huliita badiliko hilo mchapuko. Mwaka 1687 Isaac Newton akaonyesha kwamba mwezi nao ni kama jiwe katika kombeo, ila kamba yake ni mvuto wa dunia.

Katika miaka hiyohiyo ulitokea ushahidi kutoka nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipelekwa Cayenne, katika Amerika ya Kusini, mahali palipo digrii 5 hivi kaskazini ya ikweta. Alichukua saa ya timazi iliyokuwa sahihi kabisa mjini Paris. Kule Cayenne saa hiyo ilichelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku. Saa haikuharibika. Vitu vilikuwa vyepesi kidogo kule kuliko Paris, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba nchi za ikweta huzungushwa kwa kasi zaidi. Huygens alikadiria kwamba penye ikweta mzunguko wa dunia hupunguza uzito kwa sehemu moja ya 289. Gunia la mahindi la kilo 100 likipimwa sokoni kwa mizani ya kuning'iniza hupungukiwa, kwa sababu hiyo peke yake, na theluthi ya kilo hivi. Tulipowaambia wanafunzi wetu habari hii, mmoja alisema sasa amejua kwa nini wachuuzi wa huku ni matajiri.

Nasi tukafanya hesabu ya kwetu. Duara la ikweta lina kilometa 40,075, na dunia hulimaliza katika muda wa saa 23 na dakika 56. Arua iko digrii 3 na dakika 1 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo duara lake ni dogo kidogo. Kasi yake ni mita 464 na zaidi kidogo kwa sekunde, yaani karibu kilometa 1,670 kwa saa. Koboko iko digrii 3 na dakika 25, na duara lake ni fupi kuliko la Arua kwa kilometa 15 au 16. Mji huo basi hubaki nyuma kwa sentimita 18 hivi katika kila sekunde. Wanafunzi wa Arua walishangilia sana, wakasema kwamba ndiyo sababu mji wao umepewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Wale watokao Koboko walijibu, na walijibu vema, kwamba miji yote miwili hukamilisha mzunguko pamoja, wala hakuna siku Arua ilipowahi kufika kwanza.

Lililowastaajabisha wote lilikuwa upande wa pili wa jambo. Kasi ya Arua haibadiliki, lakini kila saa mwelekeo wake hupinda kwa digrii 15. Baada ya muda wa saa sita umekata pembe mraba. Baada ya nusu ya mzunguko, Arua yaenda upande ulio kinyume kabisa na ule wa kwanza, kwa kasi ileile, na hakuna mtu mjini aliyemwaga hata kikombe cha chai. Hatusikii chochote kwa kuwa mchapuko wenyewe ni mdogo mno: kwa kipimo cha Huygens, sentimita 3.4 hivi kwa sekunde katika kila sekunde.

Sasa twende pwani, kwa maana Arua ina pacha huko. Ukivuka ikweta na kushuka kusini kwa digrii zilezile 3, ukaelekea mashariki hadi Bahari ya Hindi, utafika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Mahali hapo, juu ya jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini na kuitwa San Marco, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma walirusha setilaiti yao tarehe 26 Aprili 1967, na urushaji uliendelea hapo hadi mwaka 1988. Hawakuchagua pwani yetu kwa ajili ya mandhari yake. Duara la Ungwana na duara la Arua ni sawa kwa ukubwa, na kasi yake ni karibu ile ile, mita 464 kwa sekunde kuelekea mashariki. Roketi irushwayo mashariki kutoka hapo hupewa kasi hiyo bure na dunia yenyewe, kama jiwe lipewavyo na kombeo.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Marekani aina ya Scout iliondoka juu ya jukwaa hilo ikichukua setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza nyota zitoazo mionzi ya eksirei. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Kiongozi wa mradi, Marjorie Townsend, akaipa setilaiti hiyo jina la Uhuru. Njia yake angani ilikuwa karibu duara kamili, kimo cha kilometa 540 hivi; ilikwenda kilometa 7.6 kwa sekunde, ikaizunguka dunia mara moja katika dakika 96. Mwinamo wa njia hiyo ulikuwa digrii 3. Maana yake ni kwamba ilipopanda kaskazini ilifika kwenye latitudo ya Arua, ikageuka polepole kurudi ikweta, wala haikupita zaidi. Watu wa huku hatukujua kwamba neno la Kiswahili lilikuwa likipita hapo juu mara kumi na tano kila siku.

Miongoni mwa nyota ambazo Uhuru ilizichunguza ni moja katika kundi la Centaurus, iliyoitwa Centaurus X-3. Mwaka 1971 watafiti waliokuwa pamoja na Riccardo Giacconi waliona kwamba mionzi yake huja kwa mapigo, kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.84. Kisha wakaona kasoro. Mapigo hayakuwa sawasawa. Kwa muda yalikaribiana, halafu yakaachana, halafu yakakaribiana tena. Tofauti ilikuwa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, lakini ilijirudia kila baada ya siku 2.09 bila kukosa, na katika kila mzunguko mapigo yalikatika kabisa kwa karibu nusu siku. Maelezo yalitolewa mwaka 1972. Nyota hiyo ndogo huzunguka nyota nyingine kubwa. Ijapo upande wetu mapigo hubanana, kama honi ya basi linalokuja; iendapo mbali hutawanyika; na ipitapo nyuma ya mwenzake hufichwa. Namna badiliko lilivyopanda na kushuka kwa ulinganifu ilionyesha kwamba njia yake ni duara, na kwamba huipita kwa kasi ya kilometa 415 hivi kwa sekunde.

Hapa tuliirudia ile sentensi iliyotuaibisha. Kasi ya nyota hiyo katika duara lake haibadiliki. Kama wanafalaki wangekuwa na fikra ya kasi peke yake, wasingekuwa na sababu ya kutazamia badiliko lolote katika mapigo. Kilichobadilika ni upande inakoelekea, na kwa badiliko hilo tu binadamu walijua kwamba nyota hiyo ina mwenzi, na kwamba inamzunguka. Tofauti tuliyoifuta ubaoni ndiyo iliyofanya kazi yote. Setilaiti yenyewe ilinyamaza mwaka 1973, ikaanguka mwaka 1979, mwaka uleule Idi Amin alipoondolewa na watu wengi wa West Nile walipoanza kukimbilia nchi za jirani. Ni wachache waliokuwa na nafasi ya kutazama juu.

Yabaki maneno. Uganda ilikuwamo katika Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifu Kiswahili cha Afrika ya Mashariki, lakini istilahi za sayansi zimeundwa hasa Tanzania, baada ya Baraza la Kiswahili kuanzishwa mwaka 1967. Na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Waandishi hawajaafikiana katika kila neno. Wapo wasemao mwendokasi, neno ambalo siku hizi mtu wa Dar es Salaam akilisikia hufikiri mabasi. Wapo wanaoswahilisha neno la Kiingereza na kusema velositi. Na wapo waliounganisha maneno mawili yetu wakapata kasimwelekeo. Sisi tumelipenda hili la mwisho, kwa kuwa hujieleza lenyewe: mwanafunzi asikiaye kasi na kasimwelekeo huona mara moja kilichoongezwa.

Muhula uliofuata tuliingia katika darasa lilelile na chaki, tukaandika mahali palepale: Kasi ya jiwe haibadiliki, bali kasimwelekeo yake hubadilika kila nukta. Hakuna aliyecheka. Yule kijana wa fizikia aliitazama sentensi kwa muda mrefu, kisha akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "kasi ni kasi yake. Lakini mwelekeo ni mwelekeo wake. Mbona umeandika kasimwelekeo yake?" Mwenzake aliyeketi nyuma, mtoto wa Koboko ambaye mwaka mzima hakuwahi kujali ngeli, akamjibu kwamba neno la kwanza ndilo mwenye nyumba na la pili ni mgeni. Wengine wakakataa, wakasema la mwisho ndilo lishikalo mkia. Ubishi uliendelea hata baada ya kengele, nasi hatukuukata. Walimu wenzetu walio na hoja katika jambo hili watuandikie kwa anwani ya chama.